Saa Moja Angani, Siku Nzima Mezani

Mtu akisimama alfajiri juu ya kilima kimojawapo kati ya Kampala na Entebbe, akatazama upande wa kusini, ataliona Ziwa Victoria limetandazwa kama sinia iliyosuguliwa kwa majivu. Ukubwa wake ni karibu kilomita za mraba 68,800, nalo limegawanywa baina ya Uganda, Kenya na Tanzania. Lakini mgawanyo huo umechorwa katika ramani tu. Majini hapana ukuta wala seng'enge, na angani hapana hata alama. Kwa sababu hiyo wengi wetu hudhani kwamba mwenye ndege yake ndogo ni mtu huru kuliko watu wote: akitaka kwenda ng'ambo huamka, hunywa chai, huwasha injini na kuondoka.

Mimi nami nilidhani hivyo, mpaka siku nilipopanda ndege ya namna hiyo kwenda mazikoni Nairobi. Yafaa niwasimulie wasomaji safari hiyo, kwa kuwa wengi wenu kazi yenu ni kulinda mipaka, na wengine mnao jamaa upande wa pili wa mipaka hiyo hiyo.

Ndege na wenyewe

Rubani wetu ni jirani yangu, mtu wa makamo, mwenye robo ya ndege aina ya Cessna 182 anayoimiliki pamoja na wenzake watatu. Ndege hiyo ina injini moja na viti vinne. Ikiwa imejaa, uzito wake hauzidi tani moja na nusu, yaani ni nyepesi kuliko Land Rover iliyopakia askari wa doria. Huruka kilomita zipatazo 250 kwa saa, na kwa saa hiyo hunywa lita kama 50 za petroli. Kutoka Entebbe hadi Nairobi kwa njia ya anga ni kilomita kama 520, kwa hiyo safari nzima haifiki saa tatu.

Aliyefariki alikuwa mjomba wake rubani, fundi wa ndege mstaafu. Mzee huyo alianza kazi katika enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ile iliyoanzishwa mwaka 1967 na kuvunjika mwaka 1977. Habari ya kifo ilitufikia Jumatano. Maziko yalipangwa kuwa Ijumaa, saa nane mchana, katika makaburi ya Lang'ata, ambayo hayako mbali na kiwanja cha ndege cha Wilson alikofanya kazi kwa miaka mingi. Jamaa wengi waliondoka Kampala kwa basi Alhamisi jioni. Mama yake rubani, ambaye ni dada wa marehemu, miguu yake huvimba akikaa garini usiku kucha. Mwanawe akamwambia, "Mama, wewe lala nyumbani. Kesho nitakupeleka kwa ndege, na saa nne utakuwa Nairobi."

Meza za upande wa kwanza

Ijumaa saa moja asubuhi tulikuwa tayari: rubani, mkewe, mama na mimi. Yafaa ieleweke kwamba ndege ndogo haiwezi kutoka nchini kutoka kiwanja chochote cha majani. Mkataba wa Kimataifa wa Usafiri wa Anga, uliotiwa sahihi mjini Chicago tarehe 7 Desemba 1944, unairuhusu kila serikali kuagiza kwamba ndege iingie na itoke kwa viwanja vyenye forodha, na serikali zetu zimeagiza hivyo. Basi tulianzia katika kiwanja cha forodha, ambacho sitakitaja, kwani hapana mtu pale aliyetukosea. Kila mmoja alifanya kazi yake, na hapo ndipo penye somo.

Meza ya kwanza ilitaka karatasi ambazo mkataba huo wenyewe unaagiza zichukuliwe ndani ya ndege: hati ya usajili, hati ya ubora wa ndege, leseni ya rubani, kitabu cha safari, leseni ya redio na orodha ya abiria. Meza ya pili ilitaka namba ya kibali cha nchi tuendako. Ya tatu ilipokea ada ya kutua na kuegesha. Ya nne ilikuwa ya forodha, ya tano ya uhamiaji, ya sita ya usalama. Katika kila meza rubani aliandika upya majina yetu manne, kana kwamba tulizaliwa mara sita.

Kisha tukafika kwenye kodi ya abiria. Mtu anayesafiri kwa ndege kubwa haioni kodi hiyo, kwa maana imefichwa ndani ya bei ya tikiti. Mwenye ndege ndogo huilipa kwa mkono wake, kichwa kwa kichwa. Karani alihesabu, "Abiria watatu."

Rubani akajibu, "Bwana Karani, huyu wa mbele ni mke wangu. Yeye ndiye anayenishikia ramani na kuniandikia saa."

"Basi ni abiria mwenye ramani," alisema karani kwa upole, akaandika watatu.

Hapo nilifahamu kwa nini marubani wengi wa ndege za binafsi huvaa shati jeupe lenye mistari ya dhahabu mabegani, ingawa hakuna shirika lililowaajiri. Rubani aliyevaa shati la kawaida huonekana kama mtalii aliyepotea. Akivaa mistari huitwa Kapteni, na mlango hufunguka. Wasomaji walio askari hawahitaji kuelezwa jambo hilo.

Ilipotimu saa nne ndipo tulipopaa.

Juu ya ziwa

Safari yenyewe ilikuwa njema mno. Tulipita kusini ya visiwa vya Buvuma, tukaona mitumbwi ya wavuvi wa mukene imekwisha kuvutwa ufukoni na samaki wameanikwa, weupe juu ya mchanga. Mama alikaa nyuma pamoja nami, mkoba wake mapajani, akitazama chini bila kusema neno. Baada ya muda aliuliza, "Kenya iko wapi?" Mwanawe akamwambia kwamba tumekwisha kuingia, dakika kumi zilizopita. Mama alitikisa kichwa, kwa kuwa hakuona kitu chochote kilichobadilika.

Kwa kuwa tulikuwa wanne, hatukujaza matangi pomoni, nasi ilitubidi kutua mara moja njiani. Na kwa sheria kituo cha kwanza katika nchi ya pili lazima kiwe chenye forodha. Saa tano tulikuwa ardhini, na mambo yale yakaanza tena upya, lakini sasa kwa kuingia: afya, uhamiaji, forodha, ada ya kutua, ada ya kuongozwa angani, na wakala wa kutusindikiza kutoka meza hadi meza, naye ana ada yake. Namba ya kibali chetu ilikuwa katika faili la ofisi nyingine. Afisa mwenye faili alikuwa ametoka, na alikuwa na haki ya kutoka, kwani ilikuwa saa ya chakula. Malipo mengine yalipokelewa katika dirisha la benki, na dirisha lilikuwa upande wa pili wa jengo. Tulipopata mhuri wa mwisho ilikuwa saa nane u nusu. Wakati huo, huko Lang'ata, udongo ulikuwa ukirudishwa kaburini.

Mbaya zaidi, mbingu ilikuwa imegeuka. Nyanda za chai za Kericho na safu ya Mau hujulikana kwa mvua za mawe za alasiri, na mawingu yalikuwa yamesimama mashariki kama milima juu ya milima. Asubuhi njia ile ilikuwa wazi. Mke wa rubani aliuliza kama tungeweza kujaribu. Mumewe alitazama muda mrefu, kisha akasema, "Mjomba alinifundisha kwamba mtu asiingie katika wingu akiwa na hasira. Nami sasa nina hasira." Tulilala pale pale.

Usiku ule alizipanga stakabadhi zake juu ya kitanda. Zilikuwa kumi na moja. Ya petroli ilikuwa moja tu.

Jumamosi saa mbili asubuhi tulitua Wilson. Jamaa waliotoka kwa basi walikuja kutupokea, wamekwisha kuzika, wamekwisha kulala. Walituambia kwamba mpakani Busia hawakukawia. Hapo pana kituo kimoja cha pamoja, kilichofunguliwa rasmi na marais wa Uganda na Kenya mnamo Februari 2018, ambapo maofisa wa nchi zote mbili hukaa ndani ya jengo moja, na msafiri hushughulikiwa mahali pamoja. Tena tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda huweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa tu. Mama alikwenda makaburini akasimama mbele ya tuta la udongo lililokuwa bado bichi. Hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Ningalipanda basi."

Kwa nini iwe hivyo?

Si haki kusema kwamba karatasi hizi hazina maana. Ndege ndogo hutua mahali popote penye mita mia chache za ardhi tambarare. Yaweza kuchukua dhahabu, pembe za ndovu, bunduki, au mtu anayetafutwa. Serikali ambayo haijui ni nani aliyeingia kwa anga ni kama mwenye nyumba aliyefunga mlango akaacha dirisha wazi. Viwanja navyo havijengwi kwa hewa. Barabara ya kutulia, gari la zimamoto na mwongoza ndege katika mnara vyote vinataka fedha.

Lakini mkataba wa Chicago ulitaka pawe na kiasi. Kifungu chake cha 5 kinaipa ndege isiyo ya ratiba haki ya kupita juu ya nchi mwanachama, na kutua pasipo biashara, bila kuomba ruhusa kwanza, ila serikali yaweza kuiamuru itue. Kifungu cha 15 kinakataza kutoza ada kwa sababu tu ya kupita, kuingia au kutoka. Ndiyo maana ada hizi huitwa malipo ya huduma. Sasa mtu aweza kuuliza: huduma gani? Kenya na Tanzania zimewahi kutoza dola 40 za Marekani kwa kila abiria aendaye nje. Kiasi hicho kilipimwa kwa msafiri wa ndege kubwa, anayepita katika kumbi pana, mizigo yake ikibebwa na mashine. Abiria wa ndege ya viti vinne hutembea kwa miguu hadi kwenye ndege, ameshika mkoba wake. Watatu wakilipa dola 120, hiyo ni sehemu kubwa ya petroli ya safari yao.

Wako waliotofautisha. Uingereza hutoza kodi ya abiria wa anga tangu mwaka 1994, lakini ndege ambayo uzito wake haufiki tani 5.7 haiingii katika kodi hiyo. Hata hivyo Waingereza hawakulegeza ulinzi: tangu Aprili 2024 rubani wa ndege ya binafsi anayevuka mpaka wao lazima apeleke majina ya wote waliomo, kwa njia ya mtandao, saa mbili au zaidi kabla ya kuondoka. Afisa huyasoma kabla ndege haijafika. Majina huandikwa mara moja, wala hakuna meza ya pili ya kuyaandika tena.

Kwetu tuna mfano ambao kila mgeni huushangaa. Mbuga za Maasai Mara na Serengeti zimepakana, na nyumbu huvuka kila mwaka bila kuulizwa. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977, na ulipofunguliwa tena njia ya watalii ya Bologonja haikurudishwa. Kwa hiyo katika miaka ya karibuni watalii wamezoea kuruka kutoka Mara hadi Migori, kushuka, kupanda gari hadi mpakani Isebania na Sirari, kugongewa mihuri, kisha kupanda ndege nyingine Tarime. Ndege inamwachia gari kazi ya kuvuka mpaka.

Yule mzee tuliyekwenda kumzika alifanya kazi wakati usimamizi wa anga ya nchi hizi tatu ulikuwa chini ya idara moja, na chuo kimoja cha urubani kilifunguliwa Soroti mwaka 1971 kwa ajili ya vijana wa nchi zote. Jumuiya mpya, iliyotokana na mkataba wa mwaka 1999, imekwisha kuunda wakala wa pamoja wa usalama wa anga, nao makao yake yako Entebbe. Basi msingi upo. Linalobaki ni kuleta angani lile lililokwisha kufanyika Busia: fomu moja, meza moja, na ada inayopimwa kwa ukubwa wa ndege.

Nanyi maofisa wa viwanjani, mkiona ndege ndogo imetua na watu wanne wanateremka wakitazama saa zao, wakagueni kama sheria inavyotaka, msiache hata mfuko mmoja. Ila mkumbuke kwamba mawingu ya alasiri hayangoji mhuri. Yule mama mwenye mkoba mapajani huenda anawahi maziko ya ndugu yake.