Ukitaka Kufuga Kinyonga, Anza na Baridi ya Limuru

Ukiingia kwenye duka la wanyama wa kufugwa hapa Uingereza ukauliza habari za kinyonga, utapewa karatasi ya namba kabla hata hujaonyeshwa mnyama. Kizimba cha wavu chenye upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 120. Taa ya joto ya kufikisha nyuzi 30 pale juu kwenye kijiti cha kuotea. Taa ndefu ya mionzi ya UVB, kipimo cha unyevu, chupa ya kunyunyizia maji. Anayefuga kwa mara ya kwanza huzifuata namba hizo kama dozi ya daktari, na mara nyingi mnyama humfia vivyo hivyo. Hoja yangu ni kwamba namba hizo ni maelezo ya mahali, yaliyonakiliwa mara nyingi hadi mahali penyewe pakasahauliwa. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki, ambao wengi wetu tulikatazwa hata kumgusa kinyonga tangu utotoni, tunayo elimu ya mahali hapo ambayo duka halina.

Mchukue kinyonga wa pembe tatu, ambaye wataalamu humwita Trioceros jacksonii. Kwao ni nyanda za juu za Kenya, kuanzia Limuru na viunga vya Nairobi hadi miteremko ya Mlima Kenya, na ndugu zake wengine wako Mlima Meru, Arusha. Mnunuzi wa Ulaya akisikia "mnyama kutoka Afrika" huwaza joto, basi huwasha taa mbili na moja akaiacha usiku kucha. Mtu wa Nyeri hahitaji kuelezwa kosa liko wapi. Mwezi wa Julai huko watu hawaachi sweta, jua huchomoza nyuma ya ukungu na kuonekana likipenda, na usiku baridi hushuka hadi karibu nyuzi 10. Kinyonga huyu huota jua asubuhi mpaka mwili upate nguvu ya kuwinda, kisha hurudi kivulini. Usiku hupoa, na kupoa huko ndiko kupumzika kwake. Joto la mchana likipita nyuzi 30 kwa muda mrefu naye hana pa kulikimbia, uhai wake uko hatarini. Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko Hawaii. Mwaka 1972 vinyonga wa aina hii walioagizwa kutoka Kenya waliachiwa kwenye bustani moja huko Kaneohe, kisiwa cha Oahu, ili wapate nafuu baada ya safari ndefu. Wakatawanyika. Leo wako kwenye visiwa kadhaa, wanazaliana bila taa wala kipimajoto, hasa kwenye miinuko yenye mvua na usiku wa ubaridi. Wamekuwa kero huko, kwa sababu hula konokono na wadudu wa asili ambao hawapatikani pengine popote duniani, lakini wametuonyesha kwamba walipopata mahali panapofanana na kwao, hawakuhitaji kingine.

Pamoja na hayo, simshauri mtu aanze na huyo wa pembe tatu kwa sababu tu anamkumbusha nyumbani. Kenya iliacha kuruhusu biashara ya kuwauza nje mwaka 1981, na Tanzania, iliyokuwa ikipeleka vinyonga wengi Ulaya na Marekani, ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Aliyekamatwa porini hufika amekaukiwa maji, ana minyoo, na hofu haijamtoka. Anayeanza amtafute kinyonga wa Yemen, Chamaeleo calyptratus, mwenye kishungi kirefu kichwani, tena aliyezaliwa kwa mfugaji anayejulikana. Hapa msomaji anaweza kunibana: kama huyu ni wa kizazi cha kumi kuzaliwa kizimbani, mbona bado unamdai mahali? Kwa sababu kizazi cha kumi hakijabadilisha ngozi wala mapafu. Ni mvumilivu kuliko yule wa Mlima Kenya, na ndiyo maana nampendekeza, lakini bado mwili wake umeumbwa kwa milima ya Yemen na Asir, ambako mchana una jua kali, usiku una ubaridi, na mabonde hupata mvua na umande. Wasomaji wetu walioko Ghuba wanajua tofauti ya milima ile na jangwa la mchanga. Karatasi ya dukani huandika "Arabuni" tu, na mnunuzi akaelewa jangwa. Na achague dume. Jike hutaga hata asipoona dume maisha yake yote, mayai kwa makumi, na asipowekewa chombo cha mchanga mbichi wenye kina cha kama sentimita 30 achimbe, mayai humkwama tumboni na kumuua. Waanzaji wengi huligundua hilo wakiwa kwa daktari wa mifugo.

Sasa tuangalie mwanga na maji kwa macho hayo hayo. Kizimba kilichowekwa dirishani London hakipati jua kwa maana anayoijua kinyonga, kwani kioo huzuia mionzi ya UVB, na bila mionzi hiyo ngozi haitengenezi vitamini D3, na bila D3 kalsiamu ya kwenye chakula haifiki mifupani. Matokeo yake huonekana mwilini: miguu ya mbele hupinda, taya hulegea, ulimi hukosa nguvu ya kurushwa. Ndiyo sababu taa ile ndefu hubadilishwa kabla haijaungua, kwa kawaida kila mwaka au mapema zaidi, maana mionzi huisha huku mwanga bado unaonekana. Lakini taa bila majani ni mateso. Kule kwao kinyonga hupanda juani na kushuka kivulini mwenyewe, kwa hiyo kizimba kijae mimea hai, vijiti vya unene tofauti, na sehemu ambayo binadamu hamwoni kabisa. Kiinuliwe pia, kijiti cha juu kiwe juu ya macho ya mtu aliyesimama, kwa kuwa anayemtazama kutoka juu kwake ni mwewe.

Maji ndiyo yanayowachanganya wengi. Ukimwekea bakuli, mara nyingi atakufa kwa kiu pembeni yake, kwa kuwa yeye hulamba matone yanayotiririka kwenye majani. Basi mtu hunyunyiza mchana kutwa, joto likikutana na unyevu usiokauka, na mapafu yakaugua. Fikiria alfajiri ya Lushoto: ukungu usiku, umande asubuhi, kisha jua linakausha majani mpaka jioni. Huo ndio mpangilio. Nyunyiza kabla taa haijawaka na baada ya kuzimwa, acha katikati pakauke, na kopo lenye kitundu chini lidondoshe maji taratibu juu ya jani kwa saa moja hivi. Majira ya baridi, mfumo wa kupasha nyumba joto hukausha hewa kuliko mtu anavyodhani, na wavu mtupu huipitisha yote. Wengi hapa huziba pande mbili au tatu za kizimba kwa plastiki na kuacha mbele na juu wazi.

Kwenye chakula tofauti ya huku na nyumbani ni kubwa zaidi. Hapa nyenje huuzwa kwenye vikopo vya plastiki kwa saizi, na mnunuzi humwaga kikopo kizima kizimbani akidhani amelisha. Nyenje aliyekaa siku tatu kwenye kikopo bila kula ni ganda tu. Ana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na kinyonga akimtegemea huyo peke yake huanza kujitoa kalsiamu mifupani. Kazi ya kwanza, basi, ni kumlisha nyenje: majani ya sukuma wiki, karoti, vipande vya chungwa, kwa siku moja au mbili kabla hajaliwa. Kisha apakwe unga wa kalsiamu kidogo, na vitamini mara mbili kwa mwezi, si kila siku, kwa kuwa vitamini A na D3 zikizidi nazo ni sumu. Nyenje asiwe mkubwa kuliko nafasi iliyo kati ya macho ya kinyonga. Mdogo hula kila siku. Aliyekomaa hula siku moja na kuruka moja, na huyu akiombaomba asionewe huruma. (Kule Bondo, chuo kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kimekuwa kikihimiza ufugaji wa nyenje kwa chakula cha watu. Huku mjusi analishwa kile ambacho kwetu kinatafutiwa nafasi mezani.) Kinyonga wa kwenye ua wa Limuru hafikishi wiki akila kitu kimoja: leo nzi, kesho nondo, panzi, nyuki, buibui, na kila mdudu ametoka kula majani tofauti. Mfugaji hawezi kuiga yote hayo, ila anaweza kubadilisha nyenje na nzige, mende wa kufugwa na viwavi wa hariri.

Kuna atakayesema kwamba kwa hoja hii inafaa kumfuga kinyonga Nairobi au Moshi, ambako jua ni la bure na bili ya umeme haimhusu mfugaji. Hesabu ni sahihi, hitimisho si sahihi. Kwanza, sheria za wanyamapori, ya Kenya ya 2013 na ya Tanzania ya 2009, haziruhusu mtu kumtwaa mnyama wa porini akamfanya wake bila kibali. Pili, kizimba cha huku ni fidia ya mahali ambapo hapapo. Pale ambapo mahali papo, wavu unapunguza tu alichonacho. Mwingine atajibu kwamba nyumbani anapigwa mawe kwa kudhaniwa ana sumu au mkosi, basi heri kizimba. Hana sumu, na tabia hiyo ya kumpiga ni ya kukemewa, lakini kinachommaliza mijini ni kingine. Vinyonga wengi wa vitongoji vya Nairobi huishi kwenye nyua za kayaba na vichaka vya lantana, na nyua hizo zinang'olewa kila mwaka kupisha kuta za mawe, na zilizobaki zinapigwa dawa ya wadudu hadi hakuna cha kuliwa. Anayetuma pesa nyumbani za kujenga ukuta anaweza kumwambia fundi auachie ua upande mmoja, na shamba boi asiupulizie dawa. Gharama yake haifikii hata bei ya taa ya UVB.