Kelele Zilipopata Wenyewe

Nilipokuwa mtoto kule Pugu, vyura walikuwa wa namna mbili tu: wa majanini na wa chini. Mvua za masika zikishakolea, mashimo yaliyochimbwa udongo wa matofali yalijaa maji, na usiku watu hawakusikilizana. Wakubwa walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, wakafunga madirisha, wakalala.

Sisi watoto tuliwatambua kwa rangi, na rangi ya chura haina uaminifu. Dume la Hyperolius argus ni la kijani. Jike ni la kahawia lenye madoa ya maziwa yaliyozungushiwa weusi. Ukiwaona pamoja utaapa si wa kabila moja. Chiromantis xerampelina, akianikwa na jua tawini, hukaribia kuwa mweupe, kisha jioni hurudia ukijivu wake.

Kilichonigeuza ni kitabu. Mwaka 2006 Alan Channing na Kim Howell, mwalimu wa zuolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa kitabu kuhusu amfibia wa Afrika Mashariki. Humo niliona chura anaelezwa hata kwa mlio wake. Anayelia ni dume, na jike humfuata wa aina yake gizani kwa kusikia. Yeye hategemei rangi. Mimi niitegemee ya nini?

Basi nikawa nafika dimbwini, nazima tochi, nasikiliza kwanza. "Kwoip!" inayopanda, kama tone likidondoka mtungini, ni Kassina senegalensis, chura anayetembea badala ya kuruka. "Tak, tak-tak" ya matetini ni Hyperolius tuberilinguis. Mlio mrefu, laini, usiokatika upesi, ni wa Phrynomantis bifasciatus, mweusi mwenye michirizi miwili myekundu. Huyo usimshike ukiwa na mchubuko, ngozi yake ina sumu. Anayekoroma ukingoni ni Sclerophrys gutturalis, yule yule anayevizia wadudu chini ya taa ya barazani.

Tochi ikiwashwa, ndipo macho hupata kazi. Kwenye tawi lililoinamia maji linaning'inia bonge la povu jeupe. Jike la Chiromantis limetoa ute, likaupiga kwa miguu ya nyuma hadi ukaumuka, mayai yakiwa ndani. Nje povu hukauka. Ndani hubaki unyevu. Baada ya siku chache viluwiluwi hudondoka moja kwa moja majini. Jani lililokunjwa na kugandishwa kingo zake, karibu na hapo, lina mayai ya Afrixalus fornasini.

Siku hizi Pugu imejaa nyumba. Shimo moja limefukiwa kwa kifusi. Jingine limepandwa perege, nao hula viluwiluwi. La tatu lina maji bado, ila mti uliolielekea umekatwa, na povu halina pa kuning'inia. Sclerophrys yeye anaendelea kukoroma, kwa sababu hutaga majini na hana haja ya tawi wala jani.

Ndiyo maana sasa narekodi kwa simu na kuandika tarehe. Jirani akisikia mkoromo ule husema vyura bado wapo, na hajakosea. Lakini anayezijua sauti hizo husikia pia nani hakuja mwaka huu, na akitazama ukingoni huona sababu yake.