Barua Kutoka Pwani

Wahenga walisema kuwa barua ni nusu ya kuonana. Neno hilo lilisemwa zamani, wakati ambapo sauti ya msafiri haikusikika nyumbani mpaka arudi. Leo sauti huvuka nchi kwa nukta moja, na vijana wengi huuliza barua ina kazi gani tena. Nitakujibu, msomaji, kwa habari iliyonipata mwenyewe.

Mume wangu ni mwuguzi katika kaunti ya Marsabit, nami ni mwalimu katika mji ulio mbali naye. Likizo moja ya Agosti niliwachukua watoto wetu wawili nikaenda nao Malindi kwa mama yangu mdogo. Baba yao hakupata ruhusa. Simu tulikuwa nayo. Lakini simu zetu, kama zilivyo za wengi waliotengwa na riziki, zilikuwa za hesabu: karo, kodi, bei ya unga, tarehe ya mshahara. Katika fedha tulielewana vyema; katika mengine tulizidi kuwa wageni. Niliingiwa na hofu, kwa kuwa ndoa haivunjwi na ugomvi peke yake. Hufa kwa ukimya pia, kama taa iliyokosa mafuta.

Basi jioni moja niliketi barazani nikamwandikia. Sikumwomba kitu wala sikumshitakia mtu. Nilimweleza bahari, maana yeye ni mzaliwa wa bara. Nilimwambia kuwa maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kwamba mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana, hata miamba ikawa wazi na watoto wakakimbilia kaa. Na kwamba kati ya nyakati hizo huwa maji mafu, ambayo husogea kidogo tu. Nikaandika: "Baba watoto, wavuvi hawasemi kuwa bahari imekufa wakati wa maji mafu. Huijua, wakangoja bamvua. Nami nakungoja vivyo hivyo." Nikamwambia pia kuwa kifungua mimba wetu, kila tulapo, humwachia baba yake nafasi mkekani.

Pwani ile imezoea kungoja. Karne nyingi majahazi ya Arabuni yalikuja kwa pepo za kaskazi na kurejea kwa pepo za kusi, na huku na huko wake walihesabu miezi. Nilipokumbuka hayo, niliona haya kulalamikia majuma matatu.

Jibu lilifika baada ya siku 12, kurasa 4, wala hapakuwa na neno moja la fedha. Aliniambia kuwa aliisoma barua yangu alfajiri, baada ya zamu ya usiku, akairudia mara tatu. Kisha akanieleza jambo ambalo hakupata kunitajia katika simu: usiku ule alifiwa na mgonjwa, mtoto wa umri wa mwanetu mdogo, naye hakuwa na mtu wa kumwambia. Nililia, lakini nilishukuru. Mume wangu alikuwa amerudi kwangu kabla ya kupanda gari.

Simu ni chombo chema, wala siidharau. Ila simu hudai jibu papo hapo, na moyo una mambo yasiyotoka kwa haraka. Barua humpa mwandishi nafasi ya kufikiri, na msomaji nafasi ya kurudia. Tena hudumu: zile mbili tumezihifadhi pamoja, na siku za maji mafu huzitoa tukazisoma.

Nawe uliye katika shule ya bweni, fanya jaribio moja. Mwandikie mzazi wako ukurasa mmoja usio na ombi la fedha. Huenda akashtuka kwanza. Lakini ataukunja vizuri na kuuweka, na utakaporudi nyumbani mtakuwa na mazungumzo mapya.