Amplifaya ya Mzee Haikuwa Imekufa

Leo si stori ya simu mpya. Ni ya Sansui moja nzee, nzito kama mtungi wa gesi uliojaa, iliyokaa chini ya meza kwetu miaka sita.

Mzee aliinunua mtumba kabla nizaliwe. Jumapili ilikuwa Franco mpaka majirani wajue. Halafu ikaanza kunguruma, hata volyumu ikiwa chini kabisa. Fundi wa mtaa akasema, "Hii imekufa, nunua mpya." Mzee hakununua. Aliifunika tu kitambaa.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, uhandisi wa umeme. Karo iliisha, na ukweli usemwe, hamu pia iliisha. Tangu hapo mimi na mzee tulikuwa watu wa "umekula?" na "funga mlango."

Mwaka jana nikaifungua. Sikiza kama unataka kujaribu: kuchomoa waya hakutoshi. Kapasita kubwa zinaweza kushikilia stima hata baada ya kuchomoa. Pima na mita kwanza, ziondolee chaji kupitia rezista. Na hizo kapasita ndizo zilikuwa shida. Zina majimaji ndani, yakikauka haziwezi kulainisha umeme tena, ndiyo unasikia mngurumo. Nikaenda Luthuli nikanunua zingine: maikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, kamwe si chini. Halafu unaangalia upande wa hasi.

Mimi sikuangalia. Moja nikaifunga kinyume.

Kilichoniokoa ni balbu ya zamani ya wati 60, ile ya waya ndani, niliyokuwa nimeunganisha kwa mfululizo kwenye njia ya stima. Kukiwa na shoti, balbu inawaka na amplifaya inapona. Iliwaka vibaya sana. Nikazima mbio.

Kugeuka, mzee yuko mlangoni. Nikangoja hotuba.

"Hiyo balbu ni ya nini?"

Nikamweleza. Dakika kumi nzima, mambo niliyofunzwa mwaka wa kwanza, kwa karo yake. Hakunikatiza hata mara moja.

Nikabadilisha ile kapasita. Safari hii balbu ikawaka kidogo, ikafifia. Hakuna mngurumo. Kuna wasee walinishauri niongeze bluetooth na nibadilishe kila kitu ndani. Nilikataa. Kilichoharibika nimetengeneza, kinachofanya kazi nimewacha, kwa sababu mzee hakutaka sauti mpya, alitaka ile yake.

Sasa, siwaambii muache shule eti Luthuli itawafunza. Bila ule mwaka wa kwanza ningeunguza nyumba. Lakini pia usikubali haraka mtu akikuambia kitu kimekufa. Uliza kama amekifungua.

Juzi, katikati ya Franco, mzee akaniuliza kama chuo bado wanaweza kunirudisha. Nikamwambia nitauliza.

Bado sijauliza. Lakini nimetafuta namba yao.