Matofali Madogo ya Mtu Mzima

Uraibu ni neno lenye sura mbili katika lugha yetu. Hutajwa kwa tambuu na tumbaku, vitu ambavyo mtu huvitafuna au huvivuta mpaka vikamtawala. Na hutajwa kwa kazi ya mapumziko ambayo mtu huifanya kwa mapenzi, pasipo ujira. Uraibu wangu umesimama katikati ya sura hizi mbili. Mimi ni mtu wa makamo, nafundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha Ujerumani, na jioni nyingi za majira ya baridi mtu angenikuta nimeinama juu ya meza, nachambua matofali ya plastiki yasiyofikia urefu wa kidole. Sioni haya kwa jambo hili. Walakini nimetambua ya kuwa kila anayeniuliza habari zake huuliza kwa sauti ya mtu aliyemkuta kadhi akicheza gololi. Kwa hiyo nataka kueleza jinsi vitu hivi vinavyonunuliwa na jinsi vinavyopimwa, maana imo elimu ndani yake, na si haba.

Asili ya matofali haya ni Billund, mji mdogo wa Denmark, katika karakana ya seremala Ole Kirk Christiansen, aliyeanza kufanya vitu vya kuchezea vya mbao mwaka 1932. Jina LEGO limefinyangwa kwa maneno mawili ya lugha ya Denmark yenye maana ya kucheza vizuri. Tofali la plastiki lilitoka mwaka 1949, likifuata mfano wa Mwingereza Hilary Fisher Page. Lakini tofali hilo la kwanza lilikuwa tupu ndani, likashikana na mwenzake kwa ulegevu. Tarehe 28 Januari 1958 Godtfred, mwana wa seremala, aliomba hataza ya tofali lenye mirija ndani yake. Vinundu vya juu vya tofali moja hubanwa na mirija ya tofali la juu yake, na hapo ndipo siri yote ilipo. Tofali la mwaka ule hushikana na tofali lililotoka kiwandani leo. Sijui vitu vingi vya plastiki vinavyoweza kujisifu hivyo.

Yafaa msomaji azijue hesabu zake, kwa kuwa mnunuzi asiyezijua ni kama mshairi asiyejua mizani. Kutoka kinundu hata kinundu ni milimita 8. Tofali lina kimo cha milimita 9.6, na kibao, yaani tofali jembamba, kina milimita 3.2, vibao vitatu basi ni tofali moja. Vibao vitano vikipandana hufika milimita 16, ambayo ni sawasawa na upana wa vinundu viwili. Hesabu hii ndogo ndiyo inayomwezesha mjenzi kulilaza tofali ubavu na likaingia mahali pake pasipo ufa. Mtoto hujenga kwenda juu tu. Mtu mzima hujenga kwenda pande zote, naye hununua kwa kuitazama hesabu hii.

Niruhusiwe kutoka njiani kidogo. Kampuni yenyewe ilitangaza kwa miaka mingi kuwa matofali sita ya vinundu vinane, yenye rangi moja, yaweza kuunganishwa kwa namna 102,981,500. Baadaye mwanahisabati wa Denmark, Søren Eilers, aliihesabu upya na kupata 915,103,765, kwa sababu hesabu ya kwanza ilihesabu minara ya ghorofa sita tu. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huwafundisha kitenzi kwa matofali: jekundu la nafsi, la manjano la wakati, la buluu la mtendwa, jeusi la mzizi. Hulipanga neno “nitakupenda” likasimama mezani. Kisha huwauliza: je, vipande hivi vyaweza kupangwa kwa namna ngapi? Tofali hukubali kuwekwa popote, lakini “-ta-” haikubali. Namna ni moja tu, nyingine zote ni kelele. Tangu nilipoanza kuwafundisha hivi hawanisumbui sana kwa kuweka kiambishi cha wakati mbele ya nafsi.

Sasa nirudi sokoni. Kununua vipande pasipo kununua seti kamili kuna njia tatu. Njia ya kwanza ni ukuta wa vipande katika maduka ya kampuni, ambako mnunuzi hujaza chombo kwa bei moja, kiingie kingi au kichache. Nilipoanza, chombo kilikuwa kikombe cha plastiki, na nikaona kwa macho yangu tofauti ya mjinga na mjuzi. Mjinga huchota kwa kiganja, akaufunga mfuniko, akaenda zake na kikombe ambacho nusu yake ni hewa. Mjuzi huyabana matofali kwanza yakawa mhimili mmoja ulioshiba katikati ya kikombe, huujaza ukingo kwa vipande vya kinundu kimoja, kisha hutikisa, kama mwuza mchele wa kwetu anavyotikisa pishi, isipokuwa hapa anayetikisa ni mnunuzi. Kuna utamu mkubwa katika kazi hii, na haina hila, maana mwenye duka mwenyewe ameiruhusu.

Njia ya pili ni masoko ya vitu vikuukuu siku ya Jumapili, ambako wazazi huuza kwa kilo mabaki ya utoto wa watoto wao waliokwisha kuoa. Hapa jicho ndilo mizani. Kwanza mtu atazame kama neno la kampuni limo juu ya vinundu, kwani waigaji ni wengi, na sheria haikuwazuia kuiga umbo: Mahakama Kuu ya Kanada iliamua hivyo mwaka 2005, na mahakama ya Ulaya mwaka 2010, kwamba umbo linalofanya kazi haliwezi kumilikiwa milele kama alama ya biashara. Pili atazame kijivu. Mwaka 2004 kampuni ilibadili rangi zake za kijivu na kahawia, na kijivu kipya kina ubuluu kidogo. Chini ya taa ya umeme vijivu viwili hivi ni ndugu. Juani ni maadui. Aliyejenga ngome kwa vyote viwili huona mabaka ukutani kama ukurutu. Tatu atazame cheupe, kwa sababu cheupe kilichokaa dirishani hugeuka manjano. Wako waraibu wanaokirudishia weupe kwa dawa ya haidrojeni peroksaidi na mwanga. Mimi siwaigi, na sababu yake nitaitaja.

Njia ya tatu ni soko la intaneti liitwalo BrickLink, lililoanzishwa mwaka 2000 na mraibu mmoja, Dan Jezek, ambaye alifariki mwaka 2010. Kampuni ya LEGO ililinunua mwaka 2019. Humo wauzaji wa dunia nzima huorodhesha bidhaa zao, kila kipande kwa namba yake. Namba hizo ni lugha kamili. Tofali la vinundu vinane ni 3001, la vinundu viwili ni 3004, kibao cha vinundu viwili ni 3023. Waraibu wawili wasiojuana lugha hufahamiana kwa namba kama wanamuziki kwa noti. Shida ya soko hili ni posta. Muuzaji mmoja ana vipande vyangu vyote ila kumi. Wa pili ana hivyo kumi, lakini hauzi chini ya kiasi fulani. Wa tatu bei yake ni ndogo kuliko zote, naye yuko ng'ambo ya bahari. Mtu aweza kukesha akiwapanga wauzaji, na mwisho akagundua kuwa ameokoa euro mbili na kupoteza usingizi wa saa nne. Kwa rai yangu ni heri kumlipa ghali kidogo muuzaji mmoja mwenye vingi kuliko kuwafuata sita wenye rahisi.

Ama seti mpya, waraibu huzihukumu kwa mizani moja ambayo siipendi: bei igawanywe kwa idadi ya vipande, na senti kumi za Marekani kwa kipande kimoja ihesabiwe kuwa ni haki. Tuitie mizani hii majaribuni. Mwaka 2017 ilitoka merikebu kubwa ya angani ya Star Wars, vipande 7,541 kwa dola 799.99; ni zaidi kidogo ya senti kumi. Mnara wa Eiffel wa mwaka 2022 ulitoka na vipande 10,001 kwa dola 629.99, ni senti sita na ushei. Ramani ya dunia ya mwaka 2021 ilitoka na vipande 11,695 kwa dola 249.99, ni senti mbili tu. Kwa mizani hii ramani ndiyo rahisi kupita zote. Lakini sehemu kubwa ya vipande vyake ni vya mviringo vya kinundu kimoja, vidogo kama vifungo vya shati. Anayetaka kujenga nyumba kwa vipande hivyo na ajaribu. Kuhesabu vipande ni kama kukisifu kitabu kwa wingi wa herufi zake.

Mimi huuliza mambo mengine. Je, maandishi yamechapwa juu ya kipande, au mnunuzi amepewa karatasi za kubandika ambazo baada ya miaka michache hukunjamana? Je, kuna kipande cha umbo jipya, au umbo la zamani kwa rangi lisiyowahi kuwa nayo? Je, mkono wa mjenzi utajifunza kitu? Mwaka 2007 ilitoka nyumba ya mkahawa wa pembeni mwa mtaa, kazi ya msanii Jamie Berard, ya vipande 2,056. Haikuwa na jina la filamu wala shujaa, nayo ikazaa mtaa mzima wa nyumba unaoendelea kutolewa hata leo. Hiyo ndiyo seti. Swali langu la mwisho ni hili: tukiondoa jina la filamu juu ya kasha, kitabaki nini? Mara nyingi hubaki kasha.

Sasa nieleze cheupe. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, kule Unguja, ilianguka wakati wa matengenezo, na watu wakapoteza roho zao. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883, ikapona mizinga ya Waingereza mwaka 1896 iliyobomoa jumba la jirani, na watoto wa rika langu tuliiona kama kitu kisichoweza kuanguka. Tangu mwaka ule najenga mfano wake. Nguzo zake nazifanya kwa matofali ya mviringo ya kinundu kimoja, yaliyopandana, nahitaji mamia. Niliwahi kufikiri kununua Taj Mahal nyeupe, iliyotoka mwaka 2008 kwa vipande 5,922, nikaivunje kwa ajili ya matao yake. Bei yake mikononi mwa walanguzi ilikuwa imepanda vibaya mpaka kampuni ilipoitoa tena mwaka 2017, ikazidi kipande kimoja, na walanguzi wakalia. Leo hiyo nayo haitengenezwi tena. Nikaacha, nikanunua nguzo moja moja. Na vyeupe vilivyogeuka manjano sivisafishi: naviweka ukuta wa upande wa bahari, kwa kuwa hakuna chokaa ya Unguja iliyokaa nyeupe sawasawa mbele ya upepo wa chumvi.

Mambo haya yana gharama, na gharama ina mashahidi. Tuna nyumba ya ukoo Ng'ambo, inajengwa chumba kwa chumba, na kila mwezi napeleka fedha za saruji. Mama mdogo ndiye msimamizi. Siku moja kwa simu, baada ya shikamoo na marahaba na habari za wote, aliniuliza: “Nasikia wanunua matofali huko?” Nikasema ndiyo, mama. “Ya kukaa watu?” Nikasema la, ya kutazama. Akanyamaza kidogo. “Bei yake?” Nikamtajia bei ya nguzo za baraza ya chini peke yake. Naye, aliye hodari wa hesabu kuliko mimi, akaigeuza papo hapo kuwa mifuko ya saruji. Hakunigombeza. Mtu mwenye hekima akiisha kuzitaja hesabu huziacha zigombeze zenyewe.

Nimefikiri sana juu ya ile mifuko. Sikuona jibu la kumshinda, wala sikulitafuta. Kitu nilichofanya ni kuweka sharti kwamba katika mwezi wowote sinunui hata kibao kimoja kabla saruji haijaondoka, na chombo cha vipande nisikijaze kwa fedha ambayo chumba cha nyuma chaingoja kwa paa. Kazi imekuwa ya polepole. Ghorofa ya pili imechukua mwaka na nusu. Kwa upande mwingine chumba cha nyuma kimekwisha kuezekwa.

Mwezi uliopita nilimpelekea mama mdogo picha ya mfano. Alikaa siku mbili pasipo kujibu, kisha akapiga simu yeye mwenyewe, na hakuuliza bei. “Mlango mkubwa umeufanya mdogo mno,” alisema. “Sisi tukiwa wasichana tulisimama watano chini yake tukashikana mikono. Na mizinga i wapi? Palikuwa na mizinga miwili mbele, ya Wareno. Huwezi kuweka nyumba ile pasipo mizinga.”

Mlango nimeubomoa, naupanua kwa vinundu viwili. Ama mizinga, ile inayouzwa ni ya maharamia wa mwaka 1989 na warithi wao, mikubwa mno kwa nyumba yangu. Ingefika dirisha la ghorofa ya kwanza. Lakini darubini nyeusi anayoshika nahodha wa maharamia, ikilazwa juu ya kibao, ni mzinga kamili. Nimemwona muuzaji mwenye darubini nyingi, bei yake senti chache, na posta yake yapita bei ya darubini ishirini. Nangoja mpaka orodha ya nguzo za ghorofa ya tatu itimie, niviagize vyote kwa pamoja. Na kabla ya hapo, saruji ya mwezi huu haijaondoka.