Wenyeji wa Kambi Huko Michigan

Michigan ni jimbo la Marekani lenye misitu na maziwa makubwa. Jimbo hilo lina hifadhi zenye kambi. Watu huja na mahema kupumzika.

Katika kambi nyingi yupo mwenyeji wa kambi. Mara nyingi ni mzee aliyestaafu. Hapati mshahara. Hujitolea saa 30 kwa juma, naye hukaa kambini bila kulipa ada. Huwakaribisha wageni na kuokota takataka.

Wageni huombwa wasilete kuni kutoka mbali. Kwa nini? Mwaka 2002 mdudu wa kijani kutoka Asia aligunduliwa Michigan. Funza wake hula miti iitwayo ash, chini ya gome. Mti hufa. Mamilioni ya miti imekufa. Watu ndio waliomfikisha mbali mdudu huyo, ndani ya kuni.

Sisi tunamjua dumuzi. Aliingia Tabora miaka ya 1970, akaenea pamoja na mahindi yaliyosafirishwa. Basi ndugu wakulima, tukague mahindi kabla ya kuyapakia. Anayejitolea kukagua mahindi ya jirani analinda ghala za kijiji kizima.