Gunia, Mto na Mtoto

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno haya huambiwa mwenye duka, lakini mimi naona yafaa kuambiwa taifa zima. Nchi nayo ina mali: ina mashamba, mito na misitu, na zaidi ya hayo yote ina watu. Kwa hiyo yapasa iwe na daftari, na daftari hilo liandikwe kwa vipimo vya haki.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini twaujua sana ubaya wa kipimo kisicho cha haki. Ni nani kati yetu asiyeijua lumbesa? Mnunuzi wa viazi huja na gunia lake, akalijaza mpaka mdomoni, kisha akalivika kilemba kirefu cha viazi juu na kukishona kwa kamba. Mkulima naye hulipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo imekataza jambo hilo, lakini bado laonekana mashambani. Tena angalia: ukihesabu magunia, hesabu ni sawasawa, maana gunia ni moja. Lakini ukweli wote haumo katika hesabu hiyo. Basi, wapenzi wasomaji, nataka kueleza kwamba hata hesabu za maendeleo ya nchi zaweza kuwa kama lumbesa, yaani zikahesabiwa vizuri na bado zikaficha jambo kubwa.

Kabla ya kufunga shule mwezi wa Juni, mwalimu wetu wa Jiografia alitufundisha habari za maendeleo endelevu, maana yake maendeleo yasiyokula mbegu ya kesho. Alisema kwamba mwaka 1992 mataifa yalikutana Rio de Janeiro, yakakubaliana kwamba haitoshi kupima nchi kwa fedha tu. Mwaka 1996 Umoja wa Mataifa ukatoa orodha ya vipimo 134 vya kujaribiwa na nchi mbalimbali, na mwaka 2015 mataifa yakaweka malengo 17 ya kufikiwa ifikapo mwaka 2030. Vipimo hivyo, alisema, ni vya uchumi, vya mazingira na vya jamii. Kisha akatuagiza kila mmoja wetu atafute nyumbani kwao kipimo kimoja cha kila namna.

Kwangu kazi hiyo ilikuwa nyepesi kwa sababu ya njia. Kwetu ni Mbarali, mkoa wa Mbeya. Shule yetu iko mkoani Iringa. Na katikati ya safari hiyo, wilayani Mufindi, ndiko alikoolewa dada yangu. Vipimo vyote vitatu niliviona kando ya barabara ile ile kuu itokayo Zambia kwenda Dar es Salaam.

Kipimo cha kwanza ni gunia. Kwetu mpunga ndio benki. Baba ana majaruba ya kutosha familia, na maji yake hutoka Mto Mbarali kwa mfereji, kwa zamu. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 serikali iliondoa ada katika shule zake za sekondari, lakini godoro, sanduku, viatu, madaftari na nauli havikushuka kutoka mbinguni. Vilitoka katika mpunga. Kwa hiyo mtu akiniambia gunia si kipimo cha maana nitambishia.

Taifa nalo lina gunia lake. Wataalamu huchukua mapato yote ya nchi kwa mwaka mmoja, wakayagawanya kwa idadi ya watu. Kwa hesabu hiyo, tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliiingiza Tanzania katika nchi za kipato cha kati cha chini, kwa kuwa pato la mwaka 2019 lilifika dola za Marekani 1,080 kwa kila mtu, na mpaka ulikuwa dola 1,036. Tulifurahi sana, na ilistahili tufurahi. Lakini mwalimu wetu alituonya juu ya wastani. Bwana mmoja akiwa na ng'ombe kumi na jirani yake hana hata mmoja, wastani wasema kila mmoja ana ng'ombe watano. Asubuhi, hata hivyo, mmoja atakunywa chai kwa maziwa na mwingine chai kavu.

Kipimo cha pili ni mto. Mito ishukayo kutoka milima ya Uporoto na Kipengere, kama vile Mbarali, Kimani na Chimala, na Ndembera itokayo Mufindi, hukutana katika tambarare za Usangu. Maji yake huingia katika kinamasi cha Ihefu, na kutoka huko Ruaha Mkuu hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ukaenda mpaka bwawa la Mtera na baadaye Kidatu, panapozalishwa umeme. Mto huu zamani ulitiririka mwaka mzima. Mwishoni mwa mwaka 1993 ulikauka ndani ya Hifadhi, na tangu hapo kukauka wakati wa kiangazi kukawa desturi yake. Viboko hurundikana katika vidimbwi vya matope, samaki hufa, na watu wa chini hukosa maji.

Sababu kubwa iko kwetu juu. Mabanio ni mengi, mashamba ya mpunga ni makubwa na madogo, na hata baada ya mavuno mifereji mingi huachwa wazi, maji yakaingia majarubani na kupotea kwa jua bila kumfaa mtu. Tena mifugo ilikuwa imeongezeka sana Ihefu.

Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Bwana Frederick Sumaye, alitangaza mbele ya mkutano huko London kwamba Tanzania itahakikisha Ruaha Mkuu watiririka mwaka mzima ifikapo mwaka 2010. Mimi naipenda ahadi ile, ingawa haikutimia, maana mto bado wakauka miaka ya karibuni. Naipenda kwa kuwa ilikuwa na kipimo na ilikuwa na tarehe. Mtu akisema, "Tutaboresha mazingira," huwezi kumwuliza neno. Lakini akisema mto utatiririka mwaka 2010, hata mtoto mdogo aweza kwenda mtoni mwaka huo, akatazama, akarudi na jibu.

Jioni moja ya likizo nilimweleza baba habari hizo tulipokuwa tukizibua mfereji. Nilimsomea daftari langu, yeye ameegemea mpini wa jembe. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, nimekusikia. Sasa nami nikuulize. Mto ukijaa mpaka Mtera, na wewe umekaa hapa nyumbani bila shule, hayo nayo ni maendeleo?"

Swali hilo nililala nalo. Wala si baba peke yake mwenye haki ya kuliuliza. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Ihefu ili mto upone, na mwaka 2008 eneo la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, ikawa hifadhi kubwa kuliko zote nchini kwa wakati ule. Wengi walihama na ng'ombe wao, wengine wakaelekea hata Lindi, na njiani wengine walipoteza mifugo. Katika daftari la mazingira jambo hilo liliandikwa kuwa hatua mbele. Katika daftari la wale wafugaji liliandikwa vingine. Nami siwezi kusema daftari moja ni la kweli na jingine ni la uongo.

Asubuhi yake nilimjibu baba hivi: "Baba, shule naitaka, na mpunga tuulime. Lakini yale maji yapitayo mferejini baada ya mavuno hayanipeleki shule, wala hayafiki Mtera. Hayo ndiyo tuyafunge." Baba alicheka, akasema atalipeleka neno hilo kwenye mkutano wa watumiaji maji. Alilipeleka kweli. Wengine walikubali na wengine walisema banio likifungwa, watu watachota wapi maji ya kunywa, maana kijijini mifereji ndiyo bomba. Naam, hapo tena nikaona kwamba ukigusa kipimo cha mto, umegusa kipimo cha watu.

Kipimo cha tatu ni mtoto. Nilipokuwa nikirudi shuleni nilishuka Mafinga nikaenda kumwamkia dada. Kwao ni nchi ya neema: mahindi, maharage, viazi, chai na misitu ya mbao. Ghala lao lilijaa mahindi mpaka juu. Mpwa wangu ana umri wa mwaka mmoja na miezi minane, mchangamfu, mnene wa mashavu, tena huniita mjomba kwa sauti ya kuamrisha. Lakini dada alinionyesha kadi yake ya kliniki. Walimlaza kwenye kibao wakampima urefu, na alama yake imekaa chini ya mstari. Jirani walimwambia dada asihangaike, ati mtoto amefuata ufupi wa babu yake. Muuguzi alimwambia sivyo. Watoto wadogo ulimwenguni kote, wakilishwa vizuri na wasipougua mara kwa mara, hukua kwa mwendo unaokaribiana. Udumavu haupatikani kwa njaa ya tumbo tupu peke yake. Hupatikana kwa uji wa mahindi matupu kutwa, kwa kuhara, na kwa mama ashindaye shambani bila nafasi ya kunyonyesha. Mayai ya kuku wa dada huuzwa kununua chumvi na sabuni. Na baada ya miaka miwili ya kwanza ni vigumu sana kukirudisha kimo kilichopotea. Tena akili ya kujifunza nayo hudhurika.

Nilipofika shuleni mwalimu alinionyesha hesabu za taifa. Katika uchunguzi wa afya wa mwaka 2015 na 2016, watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa Tanzania walikuwa kama 34 katika kila 100. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 walishuka wakawa 30. Hayo ni mafanikio. Lakini katika mkoa wa Iringa walikuwa kama 42 hapo kwanza, na mwaka 2022 wakawa kama 57, wengi kuliko mkoa wowote nchini! Mkoa huu ni mmoja wa mikoa iitwayo ghala la chakula la taifa. Gunia limejaa na mtoto amebaki mfupi. Na wastani wa nchi ulipokuwa ukishuka, ulipita juu ya kichwa cha mpwa wangu bila kumwona.

Basi mimi nimejifunza hivi. Kipimo kimoja, hata kikiwa cha kweli, hakitoshi, kwa kuwa kila kipimo huangaza upande mmoja na kutia giza upande mwingine. Gunia lilinificha mto, mto ukawaficha wafugaji, na wastani ukamficha mtoto. Vipimo vitatu vikisomwa pamoja ndipo nchi inapoonekana, nao wapimaji wakilazimika kuketi pamoja, mwenye mfereji, mwenye ng'ombe na mama mwenye kadi ya kliniki.

Ndugu zangu wanafunzi, jambo hili si la mawaziri peke yao. Shule yetu nayo huhesabu. Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne hubandikwa ubaoni, daraja la kwanza mpaka sifuri, na safari hii majina yetu ndiyo yatakayobandikwa. Hicho ndicho gunia letu, nami naomba lijae. Lakini naomba Kamati ya Taaluma na viranja waongeze karatasi mbili kando yake.

Karatasi ya kwanza iwe ya miti. Kila masika twapanda miti na kuandika idadi iliyopandwa. Tuandike pia, mwaka mmoja baadaye, mingapi ingali hai. Mti uliopandwa ukafa hauzuii mmomonyoko hata kidogo.

Karatasi ya pili iwe ya watu. Tuandike wangapi tulioanza nao kidato cha kwanza, na wangapi tumefika kidato cha nne. Rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja aliondoka tulipokuwa kidato cha pili. Alinizidi sana katika Hisabati. Baba yake alifariki, na yeye ndiye mkubwa. Sasa anashindilia lumbesa za watu kwa ujira wa siku. Hatafanya mtihani, kwa hiyo hatafeli, na kwa kuwa hatafeli hatapunguza sifa ya shule yetu. Ubao utasomeka vizuri bila yeye. Ndiyo maana nataka jina lake lihesabiwe mahali fulani, ili siku moja mtu apite pale, asome, na aulize, "Huyu yuko wapi?"